Programu ya Afya ya Akili kwa Vijana "Imethibitishwa Kisayansi": Maana Yake Nini Hasa?

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu vijana wanaojidhuru, wanaozama kwenye sonona au wanaoshindwa kusoma kwa wasiwasi, haikawii kuzinduliwa programu mpya: vipindi vya kumudu hisia darasani, warsha za walimu, mafunzo ya rika, huduma za kwenye simu. Karibu kila moja huja na maneno mawili yanayofunga mjadala, "imethibitishwa kisayansi". Mzazi akiyasikia anatulia, mwalimu mkuu anasaini, mfadhili anatoa fedha. Kisha inatoka habari nyingine kwamba programu za aina hiyohiyo hazina faida, au hata zinadhuru, na watu wanabaki hawajui wamwamini nani.

Kukanganyikiwa huku si ujinga. Kinga ni kazi ya kuzuia jambo lisitokee, na jambo ambalo halikutokea halionekani kwa macho. Kijana aliyepitia mafunzo akiwa na miaka 14, akafika 17 bila kuugua sonona, je, mafunzo ndiyo yaliyomkinga au hakuwa wa kuugua tangu mwanzo? Kwa kijana mmoja mmoja swali hilo halijibiki. Hujibika kwa makundi tu, na kwa kulinganisha. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya ubishi unaosikika kuhusu programu hizi inaanza kueleweka.

Maneno tunayoyatumia

Kinga si tiba. Tiba humfuata aliyekwisha kuugua. Kinga humfuata mtu kabla hajaugua, au dalili zikiwa ndiyo kwanza zinachipuka. Wataalamu huigawa kwa ngazi tatu kulingana na anayelengwa. Kuna kinga kwa wote, kwa mfano darasa zima kufundishwa namna ya kukabili msongo wa mawazo, awe mtu ana tatizo au hana. Kuna kinga kwa walio hatarini kuliko wenzao, kama watoto ambao mzazi wao ana sonona au waliopitia vita na ukatili. Na kuna kinga kwa walioanza kuonyesha dalili ambazo hazijafikia kiwango cha kuitwa ugonjwa. Ngazi hizi si za mapambo. Programu inaweza kufaa kwenye ngazi moja na kushindwa kwenye nyingine, na tangazo linalosema "inafanya kazi kwa vijana" bila kutaja vijana gani limeacha nje nusu ya habari.

Programu inayotegemea ushahidi, kwa maana ya chini kabisa, ni ile iliyojaribiwa kwa kundi la watu, matokeo yake yakapimwa dhidi ya kundi lingine ambalo halikuipata. Tathmini ni hiyo kazi ya kupima. Si ripoti ya idadi ya semina zilizofanyika wala picha za washiriki wakiwa na vyeti.

Sababu ya kuwakazania vijana inajulikana. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nusu ya watu wanaopata maradhi ya akili maishani mwao huanza kuugua kabla au katika umri wa miaka 14, na robo tatu wanapofika 24. Anayetaka kuwahi hana budi kwenda waliko watoto na vijana, na wengi wako shuleni.

"Vijana wenyewe wamesema imewasaidia"

Huu ndio ushahidi unaotolewa mara nyingi kuliko mwingine wowote, na ndio unaopotosha kuliko mwingine wowote. Kisa kimoja kinatosha kueleza kwa nini, na kinastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Mwaka 1939, kwenye miji ya Cambridge na Somerville katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana wadogo wa mitaa ya watu wenye hali ngumu wasije wakaharibikiwa. Wavulana 506 walipangwa wawiliwawili, kila mmoja na mwenzake anayefanana naye kwa umri, familia na mazingira. Kisha ikarushwa sarafu: mmoja akaingia kwenye mradi, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Waliobahatika walipata mambo ambayo hata leo mtu yeyote angeyaita mema. Mshauri aliwatembelea nyumbani, walisaidiwa masomo, walipelekwa kwa daktari, wengi wakapelekwa kwenye kambi za likizo. Msaada uliendelea hadi mwaka 1945.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Walikuwa watu wazima wenye familia zao. Aliwauliza walioingia kwenye mradi kama uliwasaidia, na theluthi mbili ya waliojibu wakasema ndiyo. Wengine walisema uliwaepusha na mitaa, uliwafundisha kuwaamini watu, uliwaonyesha njia. Kama tathmini ingeishia hapo, mradi ungeingia vitabuni kama mfano wa kuigwa.

Lakini McCord alikuwa na kundi la pili. Alipochungulia kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo akawalinganisha wawiliwawili, aliona walioingia kwenye mradi hawakuwa na nafuu yoyote kuhusu uhalifu, na kwenye mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao walioachwa: dalili za ulevi, maradhi makubwa ya akili, kufa mapema. Alipochambua zaidi miaka ya baadaye, madhara yalijikusanya hasa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kuwakusanya pamoja vijana walio hatarini, mbali na nyumbani, kuliwapa nafasi ya kufundishana tabia zilezile zilizokuwa zinazuiwa.

Wale watu wazima hawakudanganya walipomjibu McCord. Walishukuru kwa dhati, na huenda walipendwa kwa dhati. Ila mtu hana namna ya kujua maisha yake yangekuwaje kama asingepita njia aliyopita. Yule mwenzake wa upande wa pili wa sarafu ndiye pekee aliyebeba jibu.

Kwa nini lazima kundi la pili

Fikiria mkulima aliyemwaga mbolea mpya shamba zima, mwaka huo mvua zikanyesha vizuri, akavuna kuliko mwaka uliopita. Hawezi kusema ni mbolea. Angeacha matuta kadhaa bila mbolea, kwenye udongo uleule na chini ya mvua ileile, angejua. Na asingechagua mwenyewe matuta ya kuweka mbolea, kwa sababu mkono wake ungeelekea kwenye matuta yenye rutuba bila hata kukusudia. Angepiga kura, yaani angeiachia bahati iamue.

Kwa vijana "mvua" ni nyingi. Mitihani inapita. Mwaka wa kwanza kwenye shule mpya unaisha. Vijana wanakua. Zaidi ya hapo, mtu anayechaguliwa kuingia kwenye programu kwa sababu alama zake za huzuni ziko juu sana wiki hiyo, kwa kawaida alama hizo zitashuka kiasi wiki zijazo hata asipofanyiwa lolote, kwa kuwa alipimwa akiwa kwenye kilele. Ndiyo maana takwimu za "kabla na baada", ambazo ripoti nyingi za miradi huzitegemea, karibu kila mara huonyesha mafanikio. Zingeonyesha mafanikio hata kama washauri wangekaa kimya.

Kuna na wanaopotea njiani. Vijana 200 wanaanza, 120 wanamaliza, ripoti inahesabu 120. Walioacha mara nyingi ndio waliokuwa na hali mbaya au waliona mafunzo hayawasaidii. Ukiwafuta kwenye hesabu, wastani wa waliobaki unapendeza wenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayeleta programu "iliyothibitishwa" ni: ililinganishwa na nini? Kulinganishwa na kundi lisilopata chochote ni rahisi kushinda, kwani kuangaliwa na kusikilizwa tu humpa mtu nafuu ya muda. Mtihani mgumu zaidi ni kulinganishwa na kitu kingine chenye muda na uangalizi uleule. Utafiti wa programu ya Shamiri nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2021, ulifanya hivyo. Vijana 413 wa shule za sekondari waliokuwa na dalili za juu za sonona au wasiwasi waligawanywa kwa kura: wengine wakapata vipindi vinne vya kujifunza kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru na kushika mambo anayoyathamini, wengine wakapata vipindi vinne vya mbinu za kusoma. Walioendesha vipindi pande zote mbili walikuwa vijana wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Kundi la Shamiri lilipungukiwa na dalili zaidi. Hapo huwezi kusema ni kwa sababu tu kuna mtu aliwajali, maana pande zote zilijaliwa.

Kilichopimwa, na lini

Programu ikisema "imeongeza uelewa wa afya ya akili" imesema kitu, ila si kwamba imekinga ugonjwa. Mtu anaweza kujua dalili zote za sonona na akaugua vilevile. Maarifa, mtazamo, dalili, ugonjwa wenyewe na majaribio ya kujiua ni vitu tofauti, na kupanda kwa kimoja hakuthibitishi kushuka kwa kingine. Hata dodoso lenyewe lina mambo yake: maswali yaliyotungwa kwa lugha moja yakitafsiriwa bila kujaribiwa upya kwa watu wanaoizungumza ile nyingine, alama zinazotoka zinaweza kupima uchovu au adabu ya kujibu badala ya huzuni.

Muda nao unabadilisha hukumu. Utafiti wa SEYLE, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha zaidi ya wanafunzi 11,000 kwenye shule 168 za nchi 10 za Ulaya. Shule ziligawanywa kwa kura kwenye makundi manne. Kundi moja walimu walifundishwa kutambua wanafunzi walio hatarini kujiua. La pili wanafunzi walichunguzwa na wenye dalili wakapelekwa kwa wataalamu. La tatu, liitwalo YAM, wanafunzi wenyewe walikaa saa chache ndani ya wiki nne, wakaigiza hali ngumu za maisha na kuzijadili. La nne walibandikiwa mabango ukutani tu.

Baada ya miezi 3 hapakuwa na tofauti ya maana. Aliyekuwa na haraka angefunga faili. Baada ya miezi 12, asilimia 0.70 ya wanafunzi wa YAM walikuwa wamejaribu kujiua ndani ya kipindi hicho, dhidi ya asilimia 1.51 kwenye kundi la mabango. Mafunzo ya walimu na uchunguzi wa dalili havikuonyesha tofauti ya kuaminika na mabango. Wengi tungebashiri kinyume, kwamba mtu mzima aliyefunzwa ndiye ngao bora. Na angalia ukubwa wa utafiti: kwa tukio linalompata kijana mmoja au wawili katika mia, utafiti wa wanafunzi 300 usingeona kitu, hata kama programu ingekuwa nzuri kiasi gani. Ukisikia "utafiti mdogo haukuona faida", usikimbilie kusema faida haipo.

Na bado ushahidi haujamaliza kazi ukishapatikana, kwani haumfuati mwendeshaji yeyote tu. Kule Bihar, India, programu ya kuboresha mazingira ya shule ilijaribiwa kwa njia mbili na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Maudhui yalikuwa yaleyale. Ilipoendeshwa na mshauri asiye mtaalamu aliyewekwa shuleni kwa kazi hiyo, mahusiano shuleni yaliboreka sana, uonevu na dalili za sonona zikapungua. Ilipoendeshwa na walimu wa shule wakiiongeza juu ya kazi zao, haikuleta tofauti. Anayenunua mwongozo wa programu na kuukabidhi kwa mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki hajanunua kile kilichothibitishwa.

Vilevile mazingira ya nyumbani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa vijana 316 wa Marekani ambao mzazi wao amewahi kuwa na sonona, na wao wenyewe waliwahi kuugua au walikuwa na dalili. Waliofundishwa kuzikagua fikra zao na kutatua matatizo, asilimia 21.4 walipata sonona katika miezi iliyofuata, dhidi ya asilimia 32.7 ya waliopata huduma za kawaida. Kwa lugha nyepesi, kwa kila vijana 9 hivi waliofundishwa, mmoja aliepushwa. Hiyo ni faida kubwa kwa kazi ya kinga. Lakini ilipoangaliwa kwa undani, vijana ambao mzazi wao alikuwa anaugua wakati uleule mafunzo yanaanza hawakunufaika kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Pengine kumtibu mzazi ndiyo ingekuwa kinga ya kwanza ya mtoto.

"Hata isiposaidia, haitadhuru"

Imani hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu inaonekana ya huruma.

Uingereza ilijaribu kwa uangalifu mkubwa mafunzo ya kutuliza akili na kuzingatia wakati uliopo, kwa zaidi ya wanafunzi 8,000 wa miaka 11 hadi 13. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba hayakuwa bora kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha ambayo shule zilikuwa nayo, na kwa wanafunzi waliokuwa tayari na dalili za matatizo kulikuwa na ishara kwamba huenda yaliwazidishia. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani, na wapo waliosema vipindi viliwachosha. Huko Australia, wanafunzi zaidi ya 1,000 walihusishwa kwenye utafiti, uliochapishwa mwaka 2023, wa mafunzo ya kumudu hisia kali, yaliyotoholewa kutoka kwenye tiba inayowafaa watu wazima wenye matatizo mazito. Mafunzo yalipomalizika, waliofundishwa walikuwa na uhusiano mbaya zaidi na wazazi wao, na dalili zaidi za sonona na wasiwasi, kuliko wasiofundishwa.

Inawezekanaje? Dhana moja inayojadiliwa sana sasa ni kwamba kumfundisha kila mtoto kuikagua akili yake akitafuta hitilafu kunaweza kumfanya ahesabu woga na huzuni za kawaida za kukua kama ugonjwa. Nyingine ni kwamba kijana anachokozwa maumivu mbele ya darasa, kengele inalia, na hakuna wa kubaki naye. Bado zinachunguzwa. Ila tiba nzuri kwa anayeihitaji haigeuki kinga nzuri kwa darasa zima kwa kupunguzwa urefu tu.

Tusipindukie upande wa pili pia. Kuna wanaodhani kumuuliza kijana kama amefikiria kujiua ni kumpandikizia wazo. Jambo hilo lilipimwa kwa wanafunzi 2,342 wa shule sita za jimbo la New York, matokeo yakachapishwa mwaka 2005: walioulizwa hawakuwa na mawazo ya kujiua wala huzuni zaidi ya wasioulizwa. Muulize, kisha kaa umsikilize.

Na zile habari zinazopingana? Mwaka 2019 timu moja ilikusanya tafiti 137 za programu za shuleni zenye vijana zaidi ya 56,000, ikasema ushahidi wa kuzuia sonona na wasiwasi ni hafifu. Mwaka 2021 timu nyingine ilikusanya tafiti 118 za vijana zaidi ya 45,000, ikasema faida ipo, ila ni ndogo, na kwa sonona ni kubwa zaidi pale programu inapowalenga walio hatarini au wenye dalili. Hazikuona dunia mbili tofauti. Zote ziliona faida ndogo. Moja ikaipa uzito udhaifu wa tafiti zenyewe na kitu zilicholinganishwa nacho, nyingine ikaupa uzito wastani wa jumla. Mimi nasimama karibu na wa pili, kwa sharti: faida ndogo kwa kila mmoja inaweza kuwa kubwa kwa nchi nzima ikiwafikia mamilioni, lakini pale tu ambapo hakuna wanaoumizwa na fedha hazikuchotwa kutoka kwa wale wanaongoja tiba.

Kuna pingamizi moja la mwisho ambalo waendeshaji wengi wema hulitoa: kugawa kwa kura ni ukatili, utawanyimaje wengine msaada? Lingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunajua tayari kuwa ni msaada. Tena kwa kawaida fedha hazitoshi shule zote mwaka wa kwanza, na zinazotangulia huchaguliwa kwa ukaribu wa barabara au kwa kujuana na mkubwa fulani. Ikipigwa kura ya zipi zianze mwaka huu na zipi zifuate mwaka kesho, hakuna shule inayonyimwa. Zile zinazosubiri, zikijaza madodoso yaleyale kwa siku zilezile, ndizo zitakazosema kama zile zilizotangulia zilipata kitu, na kama mwaka kesho programu iendelee, irekebishwe au isimamishwe.